Mnazi na Mhadhiri: Msimamo wa Kisiasa katika Ufundishaji wa Fasihi, Pwani ya Kilifi na Malindi

Utangulizi

Swali la iwapo mhadhiri wa chuo kikuu ana haki ya kuingia darasani na siasa zake limezuka mara nyingi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na mara nyingi limejibiwa na wasiofaa kulijibu. Serikali zimelijibu kwa amri na vizuizi. Wahadhiri nao wamelijibu kwa kunyamaza, au kwa kudai kwamba wao hufundisha fasihi tu na siasa si shughuli yao. Makala haya yanakusudia kulirejesha swali hilo mahali linapostahili kujibiwa, yaani katika somo lenyewe: katika matini inayosomwa, katika swali la mtihani, na katika kalamu nyekundu ya msahihishaji. Mfano wangu mkuu ni shairi la Abdilatif Abdalla, "Mnazi: Vuta N'kuvute", lililomo katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), jinsi nilivyolifundisha mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa katika ukanda huu. Mfano wa pili ni masimulizi ya Mekatilili wa Menza, ambayo hakuna mhadhiri wa fasihi simulizi wa Kilifi anayeweza kuyakwepa.

Naanza kwa kukiri kosa, kwa kuwa bila ya kosa hilo nisingekuwa na la kuandika. Mwaka mmoja, nikisahihisha karatasi za mtihani wa mwaka wa tatu, niligundua kwamba karibu karatasi zote zilisema jambo moja kwa maneno yale yale, na maneno yenyewe yalikuwa yangu. Zote zilisema kuwa mnazi ni istiari ya nchi, kuwa wagombanao ni mtawala na mtawaliwa, na kuwa Pwani ndiyo iliyonyang'anywa. Karatasi moja tu haikusema hivyo. Mwandishi wake alidai kuwa mnazi, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni mnazi. Akaeleza jinsi nyanya yake, huko Kaloleni, alivyokuwa na minazi sita katika shamba ambalo udongo wake ulikuwa wa mtu mwingine. Nilimpa alama 11 kati ya 30, nikaandika pambizoni: "Hukuielewa istiari." Matokeo yalipokwisha kupitishwa, mwanafunzi yule alinijia afisini, si kwa kulalamika, akaniuliza: "Mwalimu, jibu sahihi lilikuwa lipi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Makala haya ni jitihada ya kulitafuta.

Mhadhiri baina ya dola na dhamiri

Haifai kulijadili suala la msimamo wa mhadhiri kana kwamba lilizuka jana. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong waliposhauri kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na nafasi yake itwaliwe na idara iliyoiweka Afrika katikati, walikuwa wanaifichua siasa iliyokuwamo katika mtaala na ambayo hakuna aliyeiita siasa. Kumsomesha mtoto wa Kiafrika Shakespeare kabla ya Muyaka kulihesabiwa kuwa elimu, ilhali kulibadilisha jambo hilo kulihesabiwa kuwa uchochezi. Hilo ndilo funzo la kwanza: mara nyingi msimamo unaotawala hauonekani kuwa ni msimamo, na lawama ya kuegemea upande humwangukia yule anayeuhoji.

Baada ya hapo dola ilijibu. Ngũgĩ alitiwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977, baada ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kuuigiza mchezo wake kwa Kigĩkũyũ, na alipoachiliwa mwishoni mwa mwaka 1978 hakurejeshewa kazi yake ya uhadhiri. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa walikamatwa, miongoni mwao Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa na mtunzi wa Kilio cha Haki (1981), pamoja na Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, alitupwa gerezani hadi mwaka 1988. Katika mwaka huo huo wa 1988 ilitoka diwani ya Mazrui, Chembe cha Moyo, yenye tungo zilizotokana na siku za kizuizini.

Ni kwa sababu ya historia hii kwamba wasomi wa Afrika walikutana mwaka 1990, kwanza Dar es Salaam, kisha Kampala, wakatoa matamko mawili juu ya uhuru wa kitaaluma. Tamko la Kampala halikuishia kwenye uhuru tu, bali liliuambatanisha na wajibu wa msomi kwa jamii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, nayo inautaja uhuru wa kitaaluma kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza. Kwa hiyo mhadhiri wa leo analindwa na sheria kwa kiasi ambacho Mazrui hakulindwa.

Hata hivyo, tunapaswa kuwa waangalifu. Ushujaa wa waliofungwa haumpi kila mhadhiri aliyekuja baada yao kibali cha kufanya apendavyo mbele ya wanafunzi wake. Waliofungwa walisimama dhidi ya mwenye nguvu kuwazidi. Mhadhiri darasani ndiye mwenye nguvu. Dola iliyoogopewa mwaka 1982 ilikuwa na askari na magereza. Mhadhiri ana alama 30 za insha, ana barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwa shahada ya uzamili, na ana saa mbili za kusema bila ya kukatizwa. Nguvu hizo ni ndogo, lakini kwa kijana wa miaka 21 aliyeuziwa mbuzi wa nyumbani ili alipiwe karo, si ndogo hata kidogo.

Itikadi kama mizani ya uhakiki

Uhakiki wa Kiswahili wenyewe umekulia katika mikono ya watu wenye misimamo. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha fikra za mrengo wa kushoto katika sehemu hii ya dunia, na wahakiki wa fasihi hawakuachwa nyuma. M. M. Mulokozi aliupima ushairi wa Kiswahili kwa mizani ya mapinduzi na upingamapinduzi, na wengi wakamfuata. Ndipo wanafunzi walipoanza kuuliza juu ya kila utungo: mtunzi huyu alikuwa wa tabaka gani, na alimtetea nani?

Nisingependa kuonekana nikiubeza mchango huo. Kabla yake, sehemu kubwa ya uhakiki wa ushairi wetu ilikuwa kuhesabu mizani na kusifu lugha. Wahakiki wa kitabaka ndio waliotufundisha kuuliza ni nani aliyekuwa akilima shamba wakati mshairi akitunga barazani. Swali hilo lina uzito wa pekee kwa Malindi. Mji huu ulifufuliwa katika miaka ya 1860, chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, ukawa ghala la nafaka la ukanda mzima, na nafaka hiyo ililimwa na watumwa. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Mhakiki asiyejali matabaka anaweza kuusoma ushairi wa karne ya 19 toka mwanzo hadi mwisho asikutane na mtumwa hata mmoja, akaridhika.

Kasoro ya mtazamo ule ilikuwa kwingine. Jibu lilijulikana kabla ya shairi kufunguliwa. Mwanafunzi alijifunza upesi kwamba kila utenzi wa dini ni kasumba, kila shairi la mapenzi ni anasa za makabaila, na kwamba msahihishaji atafurahi akikutana na neno "unyonyaji" katika aya ya kwanza. Kwa namna hiyo, nadharia iliyokusudiwa kumfungua macho mwanafunzi ikawa sala ya kukariri. Kizazi changu, kilichosoma baada ya mwaka 2000, kiliyacheka mambo hayo. Tulijiona kuwa tumeokoka na itikadi. Hatukutambua kwamba tulikuwa tumezibadilisha itikadi, tukaziacha tabia za darasani vile vile zilivyokuwa.

Mnazi wa Alii na Badi

Tulirejelee shairi. "Mnazi: Vuta N'kuvute" limejengwa kwa majibizano. Alii na Badi wanaugombania mnazi mmoja: ni nani mwenye haki ya kuumiliki na kuyafaidi matunda yake? Mtunzi aliliandika akiwa mfungwa wa kisiasa. Mwaka 1968 alitoa waraka uitwao Kenya: Twendapi?, uliohoji mwelekeo wa serikali iliyokuwa na umri wa miaka mitano tu, akahukumiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Diwani iliyotokana na kifungo hicho ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Kwa muktadha huo, kuusoma mnazi kama istiari ya Kenya huru ni usomaji wenye mashiko, na siutupi. Kosa langu lilikuwa katika hatua iliyofuata. Nililitoa shairi katika Kenya nzima nikaliweka katika Pwani peke yake. Nilimfanya mmoja wa wagombanaji kuwa "sisi", watu wa pwani, na mwingine kuwa "wao", watu wa bara. Nilifanya hivyo katika miaka ambayo kauli ya "Pwani si Kenya" ilikuwa imeandikwa kwenye kuta za miji yetu, na Mahakama Kuu ya Mombasa, Julai 2012, ilikuwa imeamua kwamba kulipiga marufuku baraza la Mombasa Republican Council kulikiuka katiba. Sikuwa mwanachama wa baraza hilo. Lakini nimekulia Malindi, nimeona jinsi wenyeji wanavyoitwa maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zao, na hasira hiyo niliingia nayo darasani bila ya kuitambulisha. Niliiita "usomaji wa kina".

Maisha ya mtunzi yenyewe yanaukataa usomaji wangu. Abdilatif hakukifuata chama cha Mwambao. Alikiunga mkono Kenya People's Union, chama cha Oginga Odinga kilichoasisiwa mwaka 1966 na kupigwa marufuku mwaka 1969, ambacho madai yake yalihusu ardhi na usawa kwa Wakenya wote. Nduguye mkubwa, Sheikh Abdilahi Nassir, ndiye aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa siasa za Mwambao kabla ya uhuru, wakati ilipokuwa ikibishaniwa iwapo ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani kwa jina uingie Kenya au usimame peke yake. Nyumba moja, basi, ilitoa majibu mawili tofauti kwa swali la Pwani. Mhadhiri anayemwambia mwanafunzi kwamba mshairi wa Pwani alikuwa na msimamo wa Pwani, kana kwamba msimamo huo ulikuwa mmoja, anaifuta historia ya nyumba hiyo na ya mji mzima.

Jambo la pili ni neno "sisi". Katika darasa lile walikuwamo Wagiriama, Wachonyi, Wabajuni, Waswahili wa Malindi na Mambrui, na pia watoto wa Wakikuyu, Wakamba na Wajaluo waliozaliwa Mtwapa, Kilifi na Watamu, ambao hawajui nyumba nyingine. Niliposema "sisi", hawa wa mwisho waliinama na kuandika. Nilikidhani kimya chao kuwa ni usikivu. Lakini hata hao wengine "sisi" haikuwakusanya vyema. Mjukuu wa mwenye shamba la Malindi la karne ya 19 na mjukuu wa mtoro aliyelikimbia shamba hilo akapata hifadhi bara, karibu na Wagiriama, wote ni "wapwani". Istiari yangu iliwaunganisha kwa kulisahau shamba. Ndiyo kusema kuwa mizani ya kitabaka niliyoicheka ingeniokoa na kosa hili, lau ningalikuwa na unyenyekevu wa kuitumia.

Sasa tuitazame karatasi iliyopata alama 11. Mwanafunzi yule alieleza kwamba, katika desturi za Wamijikenda, ardhi na mti uliopandwa juu yake vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu huweza kuuza minazi akabaki na udongo, au kuiweka rehani wakati wa njaa na kuikomboa baadaye. Jambo hili si dhana yake: David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama, alionesha jinsi biashara ya minazi na ardhi ilivyozalisha matajiri wapya, na jinsi ushahidi wa wazee juu ya nani aliuza nini ulivyokuwa mali yenye thamani. Kwa msomaji aliyekulia katika desturi hiyo, ugomvi wa mnazi haumwelekezi moja kwa moja kwa mdhulumu na mdhulumiwa. Humwelekeza kwanza kwenye uwezekano kwamba wote wawili wana haki, ila ni haki za aina mbili, na kwamba balaa huanza pale sheria inapokuja na kutambua aina moja tu.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayawasilishe ili wapewe hati. Ilikuwa sheria iliyotambua umiliki wa mtu binafsi. Jamii za Wamijikenda, zilizokuwa na haki za pamoja na haki zinazopandana juu ya kipande kimoja, hazikuwa na mlango wa kuingilia, na sehemu kubwa ya ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kikoloni. Kutoka hapo ndipo lilipochimbuka tatizo la maskwota wa Kilifi. Kwa maneno mengine, mwanafunzi niliyemwambia kuwa hakuielewa istiari alikuwa ameusoma mnazi kisiasa kuliko mimi. Mimi niliupita mti mbio ili niifikie siasa niliyokwisha kuijua. Yeye alisimama chini ya mti akaikuta siasa ambayo sikuijua.

Haimaanishi kwamba usomaji wake haukuwa na upungufu. Alilisoma shairi la mtunzi wa Mvita kwa desturi za Kaloleni bila ya kuuliza iwapo mtunzi alizikusudia, na hakuligusa gereza ambamo shairi lilizaliwa. Mhakiki mwaminifu angemwambia hivyo, kisha angempa alama za hoja aliyoijenga. Nilichofanya mimi ni kumwadhibu kwa kutokuwa mimi.

Mekatilili na wasimulizi wake watatu

Tatizo hili halihusu ushairi andishi pekee. Katika fasihi simulizi ya Kilifi, yako masimulizi yanayojulikana na kila mtoto: Mekatilili alifika barazani mbele ya afisa wa Kiingereza akiwa na kuku na vifaranga. Akamwambia afisa achukue kifaranga kimoja, na afisa alipothubutu, kuku akamrukia kwa hasira. Mekatilili akasema kwamba hivyo ndivyo watakavyofanya Wagiriama iwapo vijana wao watachukuliwa. Muktadha wa kihistoria ni wa mwaka 1913, serikali ilipowataka Wagiriama watoe kodi na vijana wa kazi. Viapo viliwekwa katika Kaya Fungo. Mekatilili na Wanje wa Mwadori walikamatwa na kupelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwao mwanzoni mwa mwaka 1914, na Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua kaya kwa baruti.

Nimewahi kuyasikia masimulizi hayo yakifundishwa kwa namna tatu. Mhadhiri wa kwanza alimfanya Mekatilili shujaa wa taifa, mtangulizi wa Uhuru, anayestahili kukumbukwa kila Oktoba 20. Wa pili alimfanya shujaa wa Wagiriama, ambao kilio chao cha ardhi bado hakijasikika. Wa tatu alimfanya mwanamke aliyeuvunja ukimya katika jamii ya wazee wanaume. Kila usomaji una ushahidi wake, na kila mmoja una kitu unachokiacha nje. Wa kwanza huacha kusema kwamba mwaka 1913 hapakuwa na taifa la Kenya ambalo Mekatilili angeweza kulipigania. Wa pili huwaacha nje wazee wa Kigiriama waliokuwa wameteuliwa na serikali, ambao walijikuta kati ya viapo na kodi. Wa tatu husahau kwamba viapo vilikuwa viwili, mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume, na kwamba nguvu yake haikusimama peke yake nje ya utaratibu wa kaya.

Hakuna mmoja kati ya hao watatu aliyesema uongo. Lakini mwanafunzi aliyekutana na mmoja tu, na aliyejua kwamba mtihani utatungwa na huyo huyo, alitoka akiamini kwamba masimulizi yana maana moja. Upotoshaji wa darasani, aghalabu, ni wa aina hii. Haufanywi kwa kusema lisilo kweli, bali kwa kuliacha lililo kweli likiwa halina jirani.

Je, mhadhiri anyamaze?

Wako wanaoona kuwa dawa ni kutokuwa na msimamo. Max Weber, katika mhadhara wake wa mwaka 1917 juu ya taaluma kama wito, aliwakanya maprofesa wasiifanye mimbari ya darasani kuwa jukwaa la siasa. Sababu yake ni nzito: kwenye mkutano wa hadhara anayekupinga anaweza kusimama na kukujibu, lakini darasani mwanafunzi analazimika kukaa na kunyamaza. Kwa upande wa pili, Paulo Freire alitufundisha kwamba elimu isiyoegemea popote haipo, na kwamba mwalimu anayejidai hana upande huwa ameusaidia upande wa mwenye nguvu.

Nadhani Freire yuko sahihi kuhusu msimamo, na Weber yuko sahihi kuhusu ukimya. Kwa mhadhiri wa Kilifi, kutokuwa na msimamo juu ya ardhi ni jambo lisilowezekana. Akiamua kuifundisha "Mnazi" kwa vina na mizani tu, wanafunzi watauelewa uamuzi huo vilivyo: kwamba jambo linalowahusu wazazi wao halifai kutajwa chuoni. Hiyo nayo ni siasa. Lakini akiufundisha msimamo wake mbele ya watu wasioweza kumjibu, hajafundisha. Ametoa hotuba kwa hadhira iliyolipishwa karo.

Lilio muhimu, basi, si kuuondoa msimamo bali kuuondoa ukimya, na hapa jadi yetu yenyewe inatutangulia. Washairi wa pwani hawakuwa watu wasioegemea. Muyaka bin Haji aliitetea Mombasa ya Mazrui kwa beti kali, na washairi wa Lamu, Zahidi Mngumi akiwa miongoni mwao, walimjibu kwa ukali huo huo. Lakini malumbano yalikuwa na kunga zake. Aliyetaka kumjibu mwenziwe alipaswa kwanza kulifumbua fumbo lake, na kumjibu katika bahari na vina alivyovitumia yeye. Aliyejibu hoja isiyokuwapo aliaibika mbele ya hadhira, kwa kuwa hadhira ililijua shairi la kwanza kwa moyo. Kulumbana kulimlazimu mtu kumwelewa mpinzani wake kabla ya kumpiga. Abdilatif aliirithi jadi hiyo, na si ajabu kwamba alipotaka kusema jambo zito gerezani alilisema kwa kinywa cha watu wawili.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu, ambayo nimeanza kuyafuata. Kwanza, mhadhiri autambulishe msimamo wake mwanzoni mwa somo, kama mshairi alivyojulikana ni wa Mvita au wa Lamu, ili mwanafunzi ajue anabishana na nani. Pili, hakuna matini yenye mvutano wa kisiasa itakayofundishwa kwa usomaji mmoja. Mhadhiri ausome ule asiokubaliana nao, kwa nguvu zake zote, mpaka mwenye usomaji huo akiri kwamba ndivyo anavyosema. Tatu, insha inayompinga mhadhiri isisahihishwe na yeye peke yake. Isomwe na mwenzake pia, bila ya jina la mwandishi. Hili la tatu lina gharama. Idara zetu zina madarasa makubwa na wahadhiri wachache, na hakuna atakayefurahi kuongezewa karatasi. Lakini ni hapo kwenye alama, na si kwenye mihadhara yetu mirefu juu ya ukombozi, ambapo mwanafunzi huujua ukweli kuhusu uhuru wa fikra.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba mhadhiri wa fasihi hawezi kuuacha msimamo wake nje ya mlango, na kwamba historia ya wenzetu waliofungwa inatukataza kuliombea dola liingie darasani kutuamulia. Vile vile yamejaribu kuonesha kwamba hatari iliyo karibu nasi zaidi siku hizi ni nguvu yetu wenyewe. Msimamo wangu kuhusu ardhi ya Kilifi haujabadilika. Naamini bado kwamba dhuluma iliyoanza mwaka 1908 haijarekebishwa, na nitaendelea kulisema hilo darasani. Kilichobadilika ni kwamba sasa baada ya kulisema nangoja.

Kuhusu karatasi yenye alama 11, kanuni za mitihani hazikuniruhusu kuibadilisha, kwani matokeo yalikuwa yamepitishwa, nami sikuomba kwa wakati. Alama hiyo imebaki ilivyo katika rekodi za mtu ambaye sasa anafundisha shule ya upili. Swali lake nimelijibu kwa barua, miaka minne baada ya yeye kuliuliza. Nilimwandikia kwamba jibu sahihi lilikuwa lake na langu kwa pamoja, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimelileta nusu.